Muulize Mama wa Mazoezi: Je, mkono unajua nisichokijua?

Mwezi uliopita, nikijibu swali la bega lililoganda, niliandika kwa kupita tu kwamba misuli hujibu kabla mwenye mwili hajajua kuwa ameulizwa. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko bega lenyewe. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ni ya haraka, na aliyeiandika nilimpigia simu siku hiyo hiyo nilipoisoma.

SWALI: Shikamoo Mama. Mama yangu ana miaka 63 na huu ni mwaka wa sita anatumia dawa za presha. Hivi karibuni alikuja mtaani kwetu kijana mmoja mwenye sanduku la virutubisho, anapima watu bila sindano wala damu. Unanyoosha mkono mmoja pembeni, mwingine unashika chupa kifuani, yeye anaukandamiza ule ulionyooka. Mama aliposhika vidonge vyake vya hospitali, mkono ulilegea kama kamba. Aliposhika chupa ya yule kijana, ukakaa kama nguzo. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu. Sasa ameacha vidonge. Anasema mwili wake umemkataza, na mwili wa mtu haumdanganyi mwenyewe. Nifanyeje? – Binti wa Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nitarudia hapa niliyokwambia kwenye simu, kwa ajili ya wengine wenye mzazi wa namna hiyo. Mama arudi kliniki, apimwe presha leo, na aseme ukweli ni siku ngapi hajameza vidonge. Presha haiumi. Mtu anaweza kuwa nayo juu sana na bado akapika, akafua, akacheka na majirani. Akilalamika kichwa kinampasuka, akianza kuona ukungu, mdomo ukienda upande au ulimi ukiwa mzito, hapo usingoje siku ya kliniki: mkimbize hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Nimewafundisha upya watu wengi kushika kijiko baada ya kiharusi, na si mara moja wala mbili mgonjwa alinisimulia kwamba aliacha dawa kwa kuwa alijisikia mzima.

Sasa tuje kwenye mkono. Usimwambie Mama ametapeliwa. Kwanza ni mzazi wako, pili alichokiona amekiona kweli: mkono ulilegea. Na huyo kijana huenda anaamini kazi yake kwa moyo wote. Mimi nilipima misuli kwa mikono hii miaka 31, na najua jinsi mtu mwaminifu anavyoweza kuuangusha mkono wa mwenzake bila kukusudia.

Katika fani yetu msuli hupewa alama kuanzia 0 hadi 5. Alama 0 ni msuli usiotikisika hata chembe. Alama 3 ni ule unaoweza kuinua kiungo chenyewe tu, bila mzigo. Alama 5 ni ule unaohimili nguvu zote za mpimaji. Mwaka wangu wa kwanza wodini nilimpa mgonjwa mmoja alama 4 asubuhi na alama 5 adhuhuri, nikamwandika kwamba anaendelea vizuri. Mwalimu wangu alikuwa amesimama nyuma yangu nyakati zote mbili. Alinishika kiganja, akakiweka kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, pale nilipokandamiza asubuhi. Kisha akakisogeza hadi karibu na kiwiko, pale nilipokandamiza adhuhuri. Hakusema neno. Nenda kwenye mlango wa nyumba yenu, usukume kwenye kitasa kwa kidole kimoja, halafu uusukume karibu na bawaba. Mkono ulionyooka ni mlango, bega ndiyo bawaba. Na ukisema "shikilia" kisha ukakandamiza, msuli unakuwa umeshajikaza. Ukikandamiza neno likiwa bado mdomoni, unaukuta umelala. Yote hayo nilikuwa nayafanya bila kujijua, na sikuwa na chupa ya kuuza.

Daktari wa Kiingereza William Carpenter alilipa jambo hili jina mwaka 1852. Aliliita mwendo wa ideomota, yaani mwendo unaozaliwa na wazo lenyewe. Ukiwaza sana kwamba mkono utashuka, misuli huanza kuushusha kabla hujaiamuru, nawe utaapa kwamba hukufanya kitu. Mama anawaza, kijana anawaza, na mikono yao imegusana. Wanapashana habari kwa ngozi, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwamba anazungumza.

Kipimo hiki cha mkono na chupa alikianzisha George Goodheart, tabibu wa kunyoosha uti wa mgongo wa Detroit, Marekani, mwaka 1964, na tangu hapo kimezunguka dunia. Mwanasaikolojia Ray Hyman ameeleza jaribio alilolishuhudia huko California. Matabibu wa kipimo hiki waliwadondoshea watu ulimini maji yenye glukosi, ambayo waliiona sukari mbaya, au yenye fruktosi, ambayo waliiona nzuri. Walipojua kilichomo, mikono iliporomoka kwa glukosi na kusimama kwa fruktosi, sawasawa na walivyotabiri. Baada ya chakula cha mchana zoezi likarudiwa, safari hii hakuna aliyejua tone ni la sukari gani, awe mpimaji au mpimwaji. Mikono ikawa inaanguka na kusimama ovyo.

Nilipolisoma hilo sikuridhika, nikataka kuona mwenyewe. Nilichukua bahasha kumi za kaki, mjukuu wangu akatia sukari kwenye tano na chumvi kwenye tano, vijiko vitatu vitatu, mbele yetu. Nikampima mwanangu wa kiume, ambaye ni fundi seremala na mkono wake si wa mchezo. Nilikuwa nimemwambia sukari inadhoofisha. Mara zote tano za sukari mkono ulishuka. Kisha mjukuu akatoka na bahasha ukumbini, akazichanganya, akazifunga kwa gundi, akaziandika namba, akaziacha mlangoni na kwenda zake. Nikampima tena. Nilipatia nne kati ya kumi. Kilichonitoa jasho ni kitu kingine: hata pale nilipokosea, nilihisi kabisa mkono wa mwanangu unalegea chini ya vidole vyangu, naye alihisi unalegea. Hakuna kilichotuonya kwamba safari hii tunakosea.

Kwa hiyo, Mama akishapimwa presha na kurudi kwenye vidonge vyake, mfanyie hivyo hivyo nyumbani, kwa heshima, kama mchezo wa jioni. Tia vidonge kwenye bahasha tano, na hiyo dawa ya kijana kwenye tano nyingine, atakayezifunga aondoke, na awepo kaka yako wa kumpima. Mama mwenyewe ndiye awe anaandika matokeo kwenye daftari. Ukimwachia ahesabu yeye, hutalazimika kumbishia.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Rafiki yangu amenifundisha kufunga pete kwenye uzi na kuining'iniza juu ya majibu A, B, C na D. Inazunguka kwenye jibu sahihi, na mara nyingi inapatia kuliko mimi. Je, ni dhambi? Na je, kweli inajua? – Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba. La dhambi mwulize sheikh au padri wako. La kujua nitalijibu, maana swali lako ni zuri kuliko unavyodhani.

Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alichezea pete kama yako karne mbili zilizopita, na mwaka 1833 akachapisha barua kwa mwanasayansi mwenzake Ampère kueleza aliyoyaona. Aliining'iniza juu ya zebaki, ikayumba. Akaweka kioo kati yake na zebaki, ikatulia, na hapo mtu mwingine angemaliza utafiti na kutangaza kwamba zebaki ina nguvu. Yeye aliendelea. Aliegemeza mkono wake juu ya kipande cha mbao, mara begani, mara chini zaidi, na kadiri egemeo liliposogea kuelekea vidole ndivyo pete ilivyopunguza kuyumba. Mwisho akafungwa kitambaa machoni, na mtu mwingine akawa anaweka na kuondoa kioo bila kumwambia. Pete haikutofautisha tena. Jaribu mwenyewe: uzi wa shubiri moja, karatasi yenye msalaba, waza tu "mbele na nyuma". Vidole vyako vinasogea kwa kiasi ambacho jicho halikioni, na uzi unakikuza.

Kwa hiyo anayeizungusha pete ni wewe. Lakini wewe yupi? Hapa nakuomba usome polepole. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwauliza watu maswali ya maarifa ya kawaida, ya ndiyo na hapana. Kwa maswali ambayo watu walisema hawajui na wanabahatisha tu, waliojibu kwa mdomo walipatia nusu, kama kurusha sarafu. Walipojibu kwa ubao wenye kibao kinachoteleza chini ya vidole, macho yakiwa yamefungwa na wakiamini kwamba kuna mwenzao anayekisukuma pamoja nao, walipatia kama asilimia 65. Huyo mwenzao alikuwa ameshaondoa mkono zamani. Walikuwa wanajijibu wenyewe, na walijijibu vizuri kuliko midomo yao.

Maana yake kuna mambo uliyoyasikia darasani, ukayasahau, na bado yamebaki mahali fulani. Pete inaweza kuyavuta kidogo, kwa sababu inakuondolea hofu ya kukosea: si wewe uliyesema, ni pete. Hilo nalikubali kwa moyo mweupe. Lakini somo ulilokimbia siku lilipofundishwa halipo popote ndani yako, na uzi hautalitoa. Itumie hivi: fanya maswali ya mwaka uliopita kwa pete, weka alama ya nyota kwenye yale yaliyopatia wakati wewe ulisema hujui, halafu rudi kwenye daftari uyasome. Chumba cha mtihani ingia bila pete, usije ukatolewa nje.

SWALI: Jicho langu la kushoto linacheza, wiki ya pili sasa. Bibi anasema nitalia. Jirani anasema nitapata mgeni. Wewe unasemaje? – Mama Kiosko, Mombasa

JIBU: Nasema ulale. Msuli mdogo wa kope huanza kurukaruka mtu anapokosa usingizi, anapokunywa kahawa au chai ya rangi kupita kiasi, anapokodolea simu macho muda mrefu au anapokuwa na mawazo. Punguza hivyo kwa siku chache, weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Ukiona kope linafunga kabisa, au shavu na pembe ya mdomo vinavutwa upande huo huo, nenda kwa daktari, hiyo ni habari nyingine.

Bibi asibezwe. Kope hucheza zaidi nyumba inapokuwa na dhiki, na nyumba yenye dhiki haikosi machozi. Amekuwa akiziona nyuso za watu wake kwa miaka mingi kuliko mimi.

SWALI: Mama, nina shamba nje kidogo ya Dodoma. Amekuja mzee anayetafuta maji kwa waya mbili zilizokunjwa kama pembe. Anatembea, mahali fulani zinapishana zenyewe, anasema chimba hapa. Nilizishika mimi mwenyewe zikapishana palepale! Mchimbaji anataka hela yake kabla ya kuanza. Nitoe? – Mkulima

JIBU: Usitoe bado. Waya hizo zimesimama kama kikombe kilichowekwa ukingoni mwa meza. Ukiinamisha vifundo kidogo tu kuelekea ndani, zinapishana, na wewe ulipozishika ulikuwa umeshajua pa kupishanisha. Ungekuwa hujaonyeshwa pale mahali, ningependa kujua zingepishana wapi.

Wajerumani walilipima jambo hili kwa uvumilivu mkubwa huko Munich, mwaka 1987 na 1988. Katika watu kama 500 waliosema wana kipaji hicho walichaguliwa 43. Walipelekwa kwenye ghala la ghorofa. Chini kulikuwa na bomba juu ya kigari kinachosogezwa huku na huku, juu anatembea mtafuta maji na kusema bomba liko wapi. Majaribio 843. Wengi waliambulia patupu, na ingawa waandaaji waliona wachache kama wenye kipaji, mwanasayansi wa California, Jim Enright, alizipitia hesabu hizo upya akaonyesha kwamba hata hao wachache hawakuipita bahati. Aliyepatia leo alikosea kesho.

Lakini mzee wako nisingemfukuza. Katika lile ghala la Munich hapakuwa na miti. Shambani kwako ipo. Mtu aliyezunguka nchi kavu miaka 40 anaona bila kujiambia kwamba anaona: mti ulioshika majani mabichi mwezi wa tisa, mstari wa vichuguu, bonde dogo lililojaa mchanga, mahali ambapo ng'ombe wa jirani wanapenda kusimama. Huenda anayaona hayo, mikono yake inayatamka, naye anadhani ni waya. Mwombe kwa adabu afanye mara mbili: mara ya kwanza kama kawaida, mara ya pili amefungwa kitambaa na wewe unamshika mkono asijikwae, ukimzungusha kwanza apotewe na mwelekeo. Asipoparudia pale pale, utajua kipaji chake kiko machoni. Hapo mwache waya, mwulize kwa maneno: Mzee, ungekuwa huna hizi, ungechimba wapi, na kwa nini?

Halafu nenda ofisi ya bonde lenu la maji, maana kuchimba kisima kirefu kunahitaji kibali hata hivyo, na uulizie wapimaji wanaopitisha umeme ardhini. Katikati ya nchi yetu maji mengi yamejificha kwenye nyufa za mwamba na kwenye tabaka la mwamba uliooza. Ukisogea mita chache kando ya ufa unaweza kukuta jiwe kavu, na mchimbaji atakudai hela yake vilevile.

SWALI: Salaam Mama. Naendesha semi kati ya Dar na Tunduma, mwaka wa 19 huu. Mwezi uliopita, saa tisa usiku, nikitoka Makambako kuelekea Mafinga, kuna ukungu, mguu wangu ukatoka kwenye mafuta wenyewe. Sikuamua. Nywele za mikono zilisimama. Utingo akaniuliza, mbona unapunguza? Sikuwa na jibu. Tukakata kona, tukakuta lori limekufa katikati ya barabara, halina taa hata moja. Tungekwisha. Machale yalinicheza, lakini machale ni nini? Mke wangu anasema ni marehemu baba. Baba naye alikuwa dereva, na mimi nilianza kama utingo wake. Je, niwe nausubiri mguu uniambie? – Dereva

JIBU: Alhamdulillahi, baba, kwamba umeniandikia mwenyewe. Barua yako nimeisoma mara nne.

Nianze na ya kwangu. Miaka mingi iliyopita nilikwenda kwa kijana aliyevunjika mguu, ana siku kumi kitandani, nimwanzishie mazoezi ya goti. Kazi niliyoifanya mara mia. Nilinyoosha mkono kukishika kigimbi chake, na mkono ukasimama hewani, kama shubiri moja juu ya ngozi. Ukakataa kushuka. Niliona haya, mgonjwa ananitazama. Nikarudisha mkono, nikavuta kiti, nikakaa, nikaanza kuangalia. Ngozi ya kigimbi kile ilikuwa imevutika na inang'aa kidogo, kama ya embe lililoanza kuiva, mwenzake wa pili umekunjamana kawaida. Shuka upande ule alikuwa ameliondoa kwa sababu ya joto. Na vidole alikuwa amevikunja kuelekea juu, havipumzishi. Nikamwita daktari. Lilikuwa bonge la damu ndani ya mshipa, na mimi nilikuwa nusu dakika kabla ya kulikanda. Likibanduka likapanda kwenye mapafu, mtu anaweza kufa akikutazama.

Mkono wangu haukuletewa habari kutoka mbali. Macho yalikuwa yameshaona yote matatu nikiwa bado naingia mlangoni, kwa sababu nilikuwa nimeona vigimbi mamia. Ila maneno hayakuwa yamefika.

Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa walioonyesha kitu cha jamii hiyo mwaka 1997. Waliwapa watu mafungu manne ya karata za kucheza kwa hela. Mafungu mawili yanalipa vizuri lakini adhabu zake zinakumaliza, mawili yanalipa kidogo kidogo na salama. Waliwafunga vipimo vya jasho kwenye ngozi. Baada ya karata kama kumi tu, mkono ulipokaribia fungu baya, ngozi ilitoa jasho. Mchezaji mwenyewe alianza kusema "haya siyaamini" karibu na karata ya 50, na kueleza kwa nini karibu na ya 80. Wengine walikuja mwaka 2004, wakawahoji wachezaji kwa undani zaidi, wakakuta walikuwa wanajua mapema kuliko walivyodhaniwa. Wanabishana hadi leo juu ya nani anatangulia, ngozi au akili. Wewe na mimi twaweza kuwaachia ugomvi huo. Linalotuhusu ni kwamba jasho lile lilitokana na karata walizokwisha kuzifunua. Hakuna aliyetokwa jasho kwa fungu ambalo hajawahi kuligusa.

Ndiyo maana siwezi kukwambia uwe unausubiri mguu. Kuna usiku hautakuwa umeona kitu, na utanyamaza, na lori litakuwepo. Kuna usiku utasema uongo. Mimi niling'atwa na mbwa nikiwa na miaka saba, Pangani, na hadi leo mkono wangu unaruka nikiona mbwa, hata kijibwa kisicho na meno kilichofungwa kamba. Unaruka kwa uhakika ule ule ulionisimamisha juu ya kigimbi. Nimewaona watu wazima wakikumbatia pochi kwa sababu tu anapita kijana mwenye rasta, nao watakwambia machale yamewacheza. Misuli haina sauti mbili, moja ya kujua na nyingine ya kuogopa. Mguu ukitoka kwenye mafuta, uache utoke, haigharimu kitu kupunguza mwendo. Lakini ukishapunguza, tazama. Tafuta ulichokiona.

Na nadhani ulikiona. Madereva wenzako lori likifa hukata matawi wakayatandaza barabarani kabla ya kona. Taa zako zilipokatiza kwenye ukungu, huenda kuna majani mabichi yaliyokuwa juu ya lami, ukingoni, ukayaona sekunde moja. Au kulikuwa na harufu ya klachi iliyoungua, inakaa hewani usiku wa baridi. Au hakuna gari lililokuja kutoka mbele kwa muda mrefu, kwenye barabara ambayo saa hiyo haikosi malori. Vitu vya namna hiyo mtu hafundishwi shule ya udereva. Vinafundishwa na aliyeshika usukani ukiwa umekaa kiti cha pembeni, usiku, anaponyosha kidole tu na kusema "unaona pale?". Kwa hiyo mke wako simpingi.

Nina ombi. Utingo wako alikuwa macho, tena aliona unapunguza. Nataka kujua yeye alikumbana na nini mita mia mbili kabla ya ile kona. Mwulize kabla hujamsomea gazeti hili, mwandike majibu yake kama anavyoyasema, unitumie. Mwulize tu aliona nini, au alisikia harufu gani. Usimtajie matawi, maana ukiyataja tu, atayakumbuka.